Kawia Ufike: Waliochelewa Ndio Walioijenga Sayansi ya Hali ya Hewa

Miaka mitano iliyopita alinijia ofisini mwalimu mmoja wa sekondari, mzaliwa wa pwani ya Lindi, aliyeelekezwa kwangu na mdogo wangu wanayefundisha naye. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akaweka mezani daftari kubwa lililochakaa pembe. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mvua vya kila siku, saa tatu asubuhi, alivyoviandika kwa mkono wake kwa miaka 11 kutoka kwenye kipimamvua cha shule. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alitaka kusoma shahada ya sayansi ya hali ya hewa, na alikuja kuniuliza kama jambo hilo lina maana.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Ndugu yangu, mpaka uhitimu utakuwa na miaka 47. Ajira mpya serikalini mwisho wake ni miaka 45. Utatumia fedha za watoto wako kununua cheti cha kutundika ukutani." Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanisahihisha: "Daktari, sharti hilo haliwahusu walio tayari katika utumishi wa umma, nami ni mtumishi." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Babu yangu alikuwa mvuvi. Kimbunga cha mwaka 1952 kilipoipiga Lindi, hakuna aliyemwambia asiende baharini." Akachukua daftari lake, akaaga.

Makala hii ni deni ninalolilipa. Mimi ni mwalimu wa historia, na kosa langu siku ile halikuwa kutojua kanuni za ajira tu. Nilikuwa nimesahau historia. Ukiichunguza sayansi ambayo mwalimu yule alitaka kuisoma, utaona kwamba kwa kiasi kikubwa ilijengwa na watu walioiingia wakiwa wamekwisha kufanya kazi nyingine. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni William Ferrel, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1817 katika familia ya wakulima. Utoto wake aliumaliza shambani, na shule aliipata kwa vipande vipande. Mwaka 1832, akiwa njiani kwenda kulima, aliona jua limepatwa kwa sehemu. Tukio hilo lilimfanya aanze kujifundisha mwenyewe namna ya kukokotoa kupatwa kwa jua na mwezi. Shahada aliipata mwaka 1844, akiwa na miaka 27, kisha akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1856, akifundisha huko Nashville, alichapisha insha juu ya pepo na mikondo ya bahari, akieleza jinsi mzunguko wa dunia unavyozipinda pepo: upande wa kulia kaskazini mwa ikweta, upande wa kushoto kusini mwake. Alikuwa na miaka 39.

Sisi watu wa pwani tunaishi ndani ya kanuni hiyo. Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, ukivuka ikweta hupinda kuelekea kulia, na hatimaye hufika India ukitokea kusini-magharibi pamoja na mvua zake. Manahodha wa majahazi waliitumia njia hiyo kwa karne nyingi kabla Ferrel hajazaliwa. Yeye alichofanya ni kuieleza kwa hesabu. Baada ya insha ile, ofisi za kisayansi za serikali ya Marekani zilimchukua, na aliendelea kuzitumikia hadi alipokaribia umri wa miaka 70.

Wa pili ni Robert FitzRoy, Mwingereza. Wengi humfahamu kama nahodha wa meli ya Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani kuanzia mwaka 1831 hadi 1836. Baadaye alikuwa gavana wa New Zealand, akaondolewa madarakani mwaka 1845. Mtu anayepima maisha kwa vyeo angesema habari zake zimekwisha. Lakini mwaka 1854, akiwa na miaka 49, alikabidhiwa ofisi ndogo mpya ya serikali ya kukusanya takwimu za hali ya hewa baharini, ile ambayo leo ni idara kuu ya hali ya hewa ya Uingereza.

Mwezi Oktoba 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjwa na dhoruba kwenye pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. FitzRoy alikataa kuendelea kukusanya takwimu za dhoruba zilizokwisha kupita. Alitumia telegrafu kupokea habari za upepo na mgandamizo wa hewa kutoka vituo vya pwani, na mwaka 1861 akaanza kutuma maonyo bandarini, ambako alama zilitundikwa mlingotini ili mabaharia wazione. Mwaka huohuo utabiri wake ulianza kuchapishwa magazetini. Alisisitiza kwamba kazi yake si unabii bali ni maoni yanayotokana na hesabu. Sisi tunaosema "utabiri", neno ambalo bado lina harufu ya mpiga ramli, tungefaidika kulikumbuka onyo hilo.

Alilipwa kwa kejeli. Utabiri ulipokosea, magazeti yalimcheka, na baadhi ya wanasayansi walimwona mwanamaji aliyejipenyeza mahali pasipo pake. Tarehe 30 Aprili 1865 alijiua. Mwaka uliofuata kamati ya wataalamu ilisimamisha maonyo yake, lakini mabaharia wakayadai, na mwaka 1867 yakarejeshwa. FitzRoy alifanya kazi hiyo kwa miaka 11 tu, tena mwishoni mwa maisha yake. Msomaji wangu aishike hesabu hiyo, nitairudia.

Wa tatu anatugusa kwa karibu zaidi. Gilbert Walker alikuwa mtaalamu wa hisabati wa Cambridge ambaye hakuwa amesomea hali ya hewa hata kidogo. Mwaka 1899 mvua za India zilikosekana, njaa kubwa ikafuata, na utabiri rasmi wa msimu haukuwa umeliona jambo hilo. Mwaka 1904 Walker, akiwa na miaka 35, alikabidhiwa uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India. Kwa miaka 20, akisaidiwa na makarani wa Kihindi waliokokotoa kwa mkono takwimu kutoka pembe nyingi za dunia, alitafuta kinachoamua mvua za msimu. Aligundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, na kinyume chake, kama mizani. Alipostaafu mwaka 1924 hakwenda kupumzika. Alianza kazi ya uprofesa wa hali ya hewa jijini London akiwa na miaka 56.

Walker hakufanikiwa kutabiri mvua za India kama alivyotaka. Ila mwaka 1969, zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, mwanasayansi Jacob Bjerknes aliiunganisha mizani ile na joto la bahari liitwalo El Niño. Msomaji aliyekuwa na akili timamu mwaka 1997 na 1998 hahitaji kuelezwa zaidi. Anakumbuka mvua za vuli zilizokataa kukoma, madaraja yaliyosombwa, barabara zilizokatika. Leo tunapoambiwa kabla ya msimu kwamba vuli itakuwa ya juu ya wastani au ya chini, tunanufaika na kazi ya mtu aliyebadilisha fani akiwa na mizigo ya fani nyingine kichwani.

Sisemi haya ili kumwambia kila mtu mzima kwamba akijitahidi atafika. Hayo ni mahubiri mepesi, na historia haiyaungi mkono. FitzRoy alitoka katika ukoo wa kikabaila. Walker alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni, na majina ya makarani waliomfanyia hesabu hayasikiki madarasani. Ninalolisema ni kwamba watu hawa watatu hawakubebwa na juhudi peke yake. Kwa kila mmoja kulikuwa na ofisi iliyofungua mlango na kumuuliza anajua nini, badala ya kumuuliza amezaliwa lini. Hata Ferrel, mtoto wa mkulima, alifunguliwa.

Nasi tulikuwa na mlango huo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi, likaamua kwamba vijana watoke shuleni waende kazini kwanza, na chuo kikuu wakiingie baadaye wakiwa na uzoefu. Azimio hilo lilikuwa na kasoro zake. Liliwaumiza hasa wanawake, nalo baadaye lililegezwa na kuachwa. Lakini kwa kipindi hicho mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mke, watoto na miaka ya kazi hakuwa kioja. Alikuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida. Tulipoliacha azimio tungeweza kuziacha kasoro zake na kubaki na busara yake. Badala yake tumejenga utaratibu ambamo mkopo wa elimu ya juu una ukomo wa umri, ajira ina ukomo wa umri, na sisi wahadhiri tumegeuka mabawabu wa kuzisoma tarehe za kuzaliwa.

Mwalimu yule hakufuata ushauri wangu. Aliuza kiwanja, akakopa kwenye SACCOS, akaomba ruhusa ya masomo, akasoma hisabati na fizikia pamoja na vijana wanaolingana na mwanawe wa kwanza. Amehitimu. Alinipigia simu mwezi Mei 2024, wakati Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia Mafia, vivuko vimesimamishwa na wavuvi wameonywa wasitoke. Alifurahi sana. Alisema, "Daktari, safari hii wameambiwa."

Lakini alinipigia akiwa shuleni kwake, darasani, anakofundisha jiografia. Barua yake ya kuomba kubadilishiwa kada imekaa kwenye droo ya ofisi moja kwa muda mrefu, na kila akiiulizia anajibiwa kwamba "umri wako nao unaangaliwa". Sasa ana miaka 48. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Amebakiwa na miaka 12. FitzRoy alikuwa na 11, na katika hiyo aliacha utaratibu ambao mabaharia hawakukubali upotee hata baada ya kifo chake.

Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema kawia uzuiwe mlangoni. Nilikuwa mtu wa kwanza kumzuia mwalimu yule, na kwa hilo namwomba radhi hapa hadharani. Ofisa mwenye barua yake, ikiwa ni miongoni mwa wasomaji wangu, hana haja ya kuomba radhi. Afungue droo tu, na kila mwezi anaochelewa ajue anaupunguza katika ile miaka 12.