Upasuaji wa kifuko cha nyongo kwa sumaku

Upasuaji wa kifuko cha nyongo kwa sumaku ni namna ya kuondoa kifuko hicho kupitia matundu madogo tumboni, huku sumaku ikifanya kazi ya mkono wa msaidizi. Kuondoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo kwenyewe kulianzishwa na Erich Mühe nchini Ujerumani mwaka 1985. Kwa kawaida hutobolewa matundu manne: moja la kamera, mengine ya vyombo, na angalau chombo kimoja hakina kazi ila kushikilia kifuko kisizibe njia.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Koleo dogo lenye ncha inayochomoka hupitishwa kwenye tundu na kubana kifuko. Ncha huachwa ndani, mpini hutolewa, na tundu hubaki wazi kwa chombo kingine. Sumaku kubwa iliyo juu ya ngozi huivuta ncha hiyo, nacho kifuko huinuka kutoka kwenye ini. Kazi ikiisha, mpini hurudishwa kuichukua ncha.

Marekani iliidhinisha mfumo huu wa kampuni ya Levita Magnetics mwezi Juni 2016, baada ya majaribio ya wagonjwa 50 nchini Chile. Unene wa ukuta wa tumbo ni kikwazo cha wazi, kwani nguvu ya sumaku hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Kibali cha awali kiliwahusu wenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 20 hadi 34. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hafanyiwi upasuaji huu.