Kabla Hujavuta Kamba: Historia ya Mashine Iliyolala Stoo

Kuna swali linanifikia kila mara, kwa simu au pale mwaloni, na maneno yake hayabadiliki sana: "Bwana samaki, marehemu baba ameacha mashine ya boti. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi. Mnunuzi wa chuma chakavu amekuja na mizani yake. Tuiuze, au itawaka?"

Mara nyingi itawaka. Injini ya kupachika ya zamani ni ngumu kuliko inavyoonekana, na nyingi nilizoona zikifa hazikuuawa na stoo, ziliuawa siku ya kufufuliwa. Ndiyo maana leo nakuomba uweke spana chini kwanza tuzungumze historia. Ukijua mashine yako ilitengenezwa enzi gani na nani aliitengeneza, utajua inakunywa oili kiasi gani, cheche yake inatoka wapi na kipi usikiguse. Hayo mimi niliyajua kwa aibu.

Nilikuwa mgeni kazini, wilayani Kilwa. Mzee mmoja alikuwa na British Seagull, ile injini nyembamba ya Kiingereza yenye tangi dogo juu na bomba refu linaloshuka majini. Aliinunua kwa mkandarasi aliyekuwa anaondoka nchini, akaitumia miaka mingi, kisha ikalala ndani ya gunia. Mwanawe akaisafisha vizuri, ikawaka kwa mvuto wa nne. Akaniuliza kipimo cha oili. Mfukoni nilikuwa na kipeperushi kinachosema 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Nikamsomea bila hata kuitazama mashine.

Siku mbili ilikwenda. Siku ya tatu, kusi likiwa limeanza kuvuma, ikanoki katikati ya mlango wa bahari. Walirudi magharibi kwa turubai lililofungwa kwenye kasia, watu watatu na samaki walioharibika. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana samaki, mashine hii ilikuwa inakunywa oili kabla hujazaliwa."

Seagull kama ile ilitaka 10 kwa 1. Ni mililita 100 kwa lita, mara tano ya nilichosema.

Tofauti kubwa namna hiyo ilitoka wapi? Inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Wazo la kutundika injini tezini lina umri mkubwa. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha boti kwenye mto Seine, Paris, kwa mota ya umeme iliyofungwa kwenye usukani, unaing'oa na kwenda nayo. Marekani, Cameron Waterman, kijana aliyesoma Yale, aliifanyia majaribio injini yake ya petroli kwenye mto Detroit mwaka 1905, na mwaka uliofuata akaanza kuuza. Lakini aliyeifikisha kwa watu wa kawaida ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, akawa fundi mashine mjini Milwaukee. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto mwaka 1906 alikwenda matembezi ziwani na mchumba wake Bess, Bess akatamani aiskrimu, Ole akapiga makasia kwenda kuileta na aliporudi ilikuwa maji. Sijui wanawake wangapi wa pwani yetu wangeisadiki hadithi hiyo. Lakini mwaka 1909 mashine ya Ole ilikuwa sokoni: silinda moja, HP 1.5, uzito wa kilo 28 hivi, bei dola 62.

Bess ndiye aliyeandika matangazo na kujibu barua za wateja. Sehemu ninayoipenda mimi ni hii: oda kubwa za mwanzo zilitoka kwa msafirishaji bidhaa wa New York aliyezipeleka Skandinavia, kwa wavuvi. Kwa hiyo usiambiwe kwamba mashine hizi zilibuniwa kwa ajili ya matajiri wanaotalii, sisi tukarithi makombo. Wavuvi walikuwamo tangu mwanzo.

Ukiitazama picha ya ile Evinrude ya 1909 utaitambua mara moja. Silinda imelala, shafti inashuka wima ndani ya bomba, chini kabisa gia mbili zinageuza mzunguko kwenda kwenye panga boi. Mpango huo haujabadilika mpaka leo, na ndiyo sababu fundi wa Yamaha anaweza kufungua mashine ya babu yake asipotee. Kuwasha tu ndiko kulikuwa balaa. Ulishika kirungu kilichosimama juu ya gurudumu zito la injini ukalizungusha kwa mkono, na injini ikiwaka kile kirungu kinazunguka nayo. Wengi waliumia vidole.

Sasa tuje kwenye oili, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka.

Injini hizi za mchanganyiko hazina bakuli la oili kama gari. Oili inaingia na petroli, inapita tumboni mwa injini, inalainisha beringi na pistoni, kisha inaungua na kutoka moshi. Ikipungua hakuna akiba popote. Injini za zamani zilikuwa na bushi za shaba nyeusi badala ya beringi za roli, na oili za wakati huo hazikuwa na ubora wa leo, kwa hiyo watengenezaji walimwaga oili nyingi. Seagull ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la nchi hiyo liliagiza maelfu yake. Mashine ya kukabidhiwa askari asiyejua injini ilipaswa kuwa sahili na ngumu, isiyodai matunzo mengi. Bushi na oili nyingi vilifaa kazi hiyo, na kampuni ikabaki na mtindo huo miaka mingi wakati wengine wamekwishahama.

Wengine walihama polepole. Evinrude na Johnson, ambazo ziliungana miaka ya 1930 na kuwa kampuni ya OMC, kwa miaka mingi zilitaka kipimo cha 24 kwa 1, kama mililita 42 kwa lita. Beringi za roli na oili mpya zilipokuja, injini zao nyingi za kuanzia mwaka 1964 zikaandikwa 50 kwa 1. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya watengenezaji walithubutu kusema 100 kwa 1, kisha wakarudi 50 bila kelele. Kwa hiyo mtu akikuambia "mashine zote ni hamsini kwa moja", mjue kwamba anazungumzia mashine za kipindi fulani tu, kama nilivyofanya mimi.

Kama umri wa mashine yako huujui kabisa, anza na oili nyingi. Itatoa moshi, plagi italowa, utaisafisha. Hilo ni tatizo la nusu saa. Oili ikiwa pungufu, tatizo utalijulia baharini. Nakiri kwamba kama afisa uvuvi sipendi kuona ule utando wa rangi rangi juu ya maji, na ndiyo sababu Ulaya na Marekani zimezibana sana injini za aina hii. Ukishaijua mashine, rudi kwenye kipimo chake halisi. Na nunua oili ya injini za boti, iliyoandikwa TC-W3 kwenye kopo, si ile inayopimwa kwenye chupa za soda barabarani.

Umri utaujuaje? Tafuta bamba dogo kwenye kishikio cha kubania tezini, au namba iliyogongwa kwenye mwili wa injini. Seagull namba yake iko kwenye tumbo la injini, na kwa namba hiyo mwaka unapatikana. Bamba likiwa limeliwa na chumvi, soma mashine yenyewe. Injini ya Johnson au Evinrude yenye tangi la pembeni na mpira wa njia mbili sambamba ni ya miaka ya 1950. Mfumo ule unasukuma hewa ndani ya tangi ili petroli ipande, na tangi kuukuu lenye presha si la kuchezea. Usilitumie mpaka fundi anayelijua alipime. Yamaha haiwezi kuwa ya kabla ya 1960, mwaka ilipotoa injini yake ya kwanza ya kupachika, P-7. Suzuki ilifuata 1965. Tohatsu iliwatangulia wote wawili, mwaka 1956.

Jina pia linakuambia kuhusu vipuri. OMC ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2000, na jina la Evinrude likahamia kampuni ya BRP, ambayo nayo ilisimamisha utengenezaji mwaka 2020. Seagull haitengenezwi tena. Ukirithi mashine kama hizo, gasketi na koili utazitafuta kwa wakusanyaji wa nje, au fundi atakukatia na kukukerezea. Ukirithi Yamaha ya HP 15 au 40, umerithi pia vipuri vilivyojaa madukani. Mnunuzi wa chuma chakavu haulizi jina, kwake yote ni kilo za aluminiamu. Wewe uliza kabla ya kuuza.

Haya, sasa shika spana. Toa plagi kwanza, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, kama vijiko viwili vya chai kwa kila silinda, uiache siku mbili tatu. Ringi zilizolala miaka hushika ukuta wa silinda, na kijana mwenye nguvu akivuta kamba kwa hasira ndipo zinapovunjika. Kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu. Likigoma ongeza oili na subiri tena. Nimeona mashine ikilegea siku ya tisa.

Petroli iliyoachwa ndani hugeuka gundi. Kabureta ifunguliwe, vijitundu vyake vipulizwe, visichokonolewe kwa waya, maana ukivipanua umebadilisha ulaji wa mashine. Cheche nayo inategemea enzi: za zamani zina vidole viwili vidogo vya chuma chini ya gurudumu vinavyogusana na kuachana, na ukungu wa miaka ukiwa katikati yake hakuna umeme. Mara nyingi msasa laini unatosha. Kwenye Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na 1960 angalia pia koili, ganda lake hupasuka lenyewe kwa uzee. Mashine za baadaye hazina vidole hivyo, zina kisanduku cha elektroniki, na msasa hauna kazi hapo.

Pampu ya maji ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye Yamaha na nyingi za kisasa ina impela ya mpira yenye mabawa, nayo ikikaa miaka imekunjwa upande mmoja inakakamaa. Weka mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko pistoni. Seagull haina mpira huo, impela yake ni ngumu na inaweza kudumu. Oili ya gia chini ukiiona nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kwa Yamaha badilisha sili. Kwa Seagull usihangaike, giaboksi yake tangu kiwandani haizuii maji kabisa, inataka oili nzito tu, iongezwe mara kwa mara.

Jaribu kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, kamwe usiiwashe ikiwa kavu. Maji yakitoka na ikikaa nusu saa bila kuchemka, ipeleke majini karibu na ufuko, kwa siku kadhaa, na makasia ndani.

Ile Seagull ya Kilwa tuliipeleka Dar es Salaam kwa fundi wa kukereza. Pistoni ilisafishika, bushi zilikuwa zimekwisha, akatengeneza mpya. Gharama tuligawana, nusu mimi nusu kijana. Iliporudi, mzee aliichanganyia petroli mwenyewe, akaimimina mbele yangu polepole, mililita 100 kwa lita, kisha akanikabidhi lile kopo la oili nilishike. Niliambiwa mwaka jana kwamba bado inavusha watu.

Kama unayo ya kwako stoo, piga picha ya bamba na ya namba, unitumie kabla hujavuta kamba.