Redio na Kikao cha Walimu: Kutoka Mtu ni Afya hadi Gashoho

Yeyote aliyefundisha Kiswahili katika vilima vya Gashoho, huko Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, anajua taabu yake: mwanafunzi huiacha lugha mlangoni mwa darasa, maana nyumbani, shambani na kisimani husemwa Kirundi. Si kwamba Kiswahili ni kigeni nchini. Kilikuja na wafanyabiashara wa misafara na askari wa Wajerumani, ambao mwaka 1912 walihamishia makao yao Gitega. Na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura ungali ukikizungumza hadi leo. Lakini kilikaa mijini na sokoni. Sisi wa vilimani wengi wetu tulikisikia kwanza redioni, jioni, mawimbi ya Tanzania yalipokuwa yakivuka mpaka bila kuulizwa hati.

Kwa sababu hiyo mwalimu wa Gashoho anayetafuta namna ya kutumia vyombo darasani hana haja ya kwenda mbali kutafuta historia. Ng'ambo ya mpaka jambo hili lilijaribiwa kwa upana usio wa kawaida. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, nao viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufunzwa kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Hapo ndipo penye siri. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, kisha watu wakajadiliana na kuamua la kutenda kabla ya kuonana tena: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Redio ilifungua mazungumzo, haikuyamaliza.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, walimu walihitajika kwa maelfu na vyuo havikutosha. Ikaamuliwa kuanzia mwaka 1976 kuwafunza vijana waliomaliza darasa la saba wakiwa huko huko vijijini. Kijana alifundisha sehemu ya siku na kujisomea sehemu nyingine. Alipata vitabu vya masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, mwalimu mlezi wa kumwelekeza, na mwishoni wiki kadhaa chuoni. Walimu wapatao 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wako waliowabeza na kuwaita walimu nusu, nami sikatai kwamba wengine walifundisha wasiyoyaelewa vema. Lakini katika mpango huo redio ndiyo iliyoyumba, kwa kukosa vyombo na betri. Kilichobaki mikononi mwa kijana kilikuwa kitabu na mtu wa kumwuliza. Penye mlezi hodari, mambo yalikwenda.

Karibu zaidi nasi, mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera huko Ngara, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Na kwetu Burundi Wizara ya Elimu ina redio yake ya shule, Nderagakura. Hatukuwa na upungufu wa sauti hewani.

Upungufu ulijitokeza kwingine. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili kikaingia shule za msingi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2013 ikaja shule ya msingi ya miaka tisa, na darasa la 7 hadi la 9 yakawa mzunguko wa nne. Masomo yakapangwa kwa maeneo, na eneo la lugha likakusanya Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Aliyesomea Kiingereza akajikuta na ngeli za Kiswahili mkononi. Aliyesomea Kiswahili akatakiwa kueleza vitenzi vya Kifaransa. Mwalimu gani anazimudu lugha nne kwa ukamilifu? Mimi siwezi.

Nilidhani simu yangu ya mkononi ingeniokoa. Nikanasa hadithi fupi kutoka redioni, nikaifungulia darasani mbele ya wanafunzi zaidi ya sitini. Waliokaa mbele wakacheka; waliokaa nyuma wakauliza wenzao wanacheka nini. Tena nilikuwa sikuandaa hata swali moja.

Tangu hapo tulijikusanya walimu wanne wa shule jirani, Jumamosi moja kila mwezi. Tunasikiliza kwanza sisi wenyewe, tunaandika msamiati utakaowakwaza watoto, tunagawana kazi: mwenye Kiswahili anasahihisha upatanisho wa ngeli, mwenye Kiingereza anatuletea michezo ya mazungumzo aliyofunzwa, na matamshi ya kila mmoja yanakosolewa bila haya. Darasani tunagawa watoto katika vikundi vya kumi kumi, simu inapita kikundi kwa kikundi huku wengine wakiandika. Ni mwendo wa polepole, na muhtasari wa masomo hautungoji. Hata hivyo mwezi uliopita msichana wa darasa la 8 alinisimamisha nje, karibu na kisima, akaniuliza kwa Kiswahili kama yule sungura wa hadithi alirudi kwao.

Kikao kijacho kitakuwa kwangu, na zamu ya kuleta betri pia ni yangu.