Viti maalumu vya udiwani, Nzega

Nafasi za madiwani wanawake wasiosimama katani, katika Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji wa Nzega, mkoani Tabora. Diwani wa kata hupatikana kwa kura nyingi tu: anayeongoza, hata kwa kura moja, huchukua kiti. Uwiano huingia baadaye. Idadi ya wanawake wa viti maalumu haipungui theluthi moja ya madiwani wa kata na wabunge wa majimbo waliomo katika halmashauri, na Tume ya Uchaguzi huvigawa kwa vyama kulingana na kata ambazo kila chama kimeshinda.

Hapo ndipo penye utata. Viti maalumu vya Bunge hufuata kura za vyama, kwa sharti la angalau asilimia 5 ya kura halali nchini. Vya udiwani hufuata kata. Chama kilichoshika nafasi ya pili katika kila kata, hata kikikusanya theluthi ya kura zote, hakiambulii kitu. Uwiano huo, kwa hiyo, hukuza ushindi wa mshindi badala ya kuupunguza. Na madiwani wa viti maalumu nao hupiga kura ya kumchagua mwenyekiti wa halmashauri.