Utani wa Waluguru na Mabishano juu ya Sinema ya "Hatari!"

Watu wawili waweza kuketi mbele ya pazia moja, wakacheka kwa wakati mmoja, kisha wakatoka nje wakibishana kana kwamba wametazama michezo miwili mbalimbali. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hata leo, kwa sinema iitwayo "Hatari!", ambayo kampuni ya Paramount ya Marekani iliitoa mwaka 1962. Jina lake ni la Kiswahili, na nchi inayoonekana humo ni Tanganyika. Kwa hiyo mabishano hayo yawahusu pia wenye nchi na wenye lugha.

Mwongozaji wake, Howard Hawks, alikuwa fundi wa siku nyingi wa michezo ya mapenzi yenye kuchekesha. Mwaka 1938 alikwisha kutoa "Bringing Up Baby", ambamo mwanamke mmoja na chui wake wanayavuruga maisha ya mtaalamu mpole. Mwishoni mwa 1960 alikuja Tanganyika, na kazi ya kupiga picha iliendelea hadi mwanzo wa 1961, hasa katika nchi ya Arusha. Kisa chenyewe ni chepesi. Sean Mercer, aliyechezwa na John Wayne, ni mkuu wa kundi la watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Anafika mpiga picha wa kike, jina lake Dallas, aliyechezwa na Elsa Martinelli. Sean hamwogopi kifaru, lakini amwogopa mwanamke, kwa kuwa zamani alipata kuumizwa na mapenzi. Basi mwindaji anageuka kuwa mwindwa. Dallas alea ndama watatu wa tembo, apewa jina la Mama Tembo, na mwishowe, atorokapo kwa kukata tamaa, ndama hao ndio wanaofuata harufu yake mjini mpaka apatikane.

Watazamaji waligawanyika mapema. Wa kwanza walisema kwamba hakuna hadithi humo. Mchezo huchukua zaidi ya saa mbili na nusu, nao ni mawindo yaliyoungwaunga: leo twiga, kesho nyati, na katikati mazungumzo ya kupiga porojo jioni. Tena walilalamika kwamba Wayne alikwisha kupita miaka hamsini, na mapenzi yake na msichana kama yule hayaaminiki. Wa pili waliuona ulegevu huo kuwa ndio uzuri wenyewe. Huko Ufaransa, waandishi wa jarida la "Cahiers du Cinéma" walikuwa wakimtukuza Hawks tangu 1953, na Jean-Luc Godard aliitia "Hatari!" katika orodha yake ya sinema bora za 1962. Kwao, hadithi si mfululizo wa mambo yatokeayo. Hadithi ni jinsi watu wanavyojifunza kukaa pamoja na kufanya kazi pamoja.

Ugomvi huu waweza kuamuliwa vizuri zaidi kwa kutumia kipimo kilichomo nchini mwetu, katika milima ya Uluguru. Mwaka uliofuata kutolewa kwa sinema hiyo, yaani 1963, mtaalamu James Boyd Christensen alichapisha katika jarida la "American Anthropologist" uchunguzi wake juu ya utani wa Waluguru. Jambo alilolieleza, kila mzee wa Morogoro alijua. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ukoo mmoja huwa na koo nyingine zilizo watani wake. Vilevile upo utani wa kabila na kabila, na si ajabu, kwa kuwa mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, ulikuwa katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo, ukakutanisha watu wa kila namna. Mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patakuwa na ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ina deni lake. Siku ya msiba mtani ndiye ashikaye kazi za maziko, na ndiye awachekeshaye wafiwa ili huzuni isiwavunje. Kicheko na jembe la kuchimbia kaburi vimo katika mkono mmoja.

Tukiishika kanuni hiyo, sinema iliyosemwa haina hadithi yaonekana kuwa nayo. Mwanzo wake kifaru amjeruhi mmoja wa kundi, naye ahitaji damu ya aina adimu. Atokea Chips, kijana Mfaransa anayetafuta kazi yake wakati mwenyewe yu mahututi. Kurt, mwenziwe Mjerumani, amkasirikia na kumpiga ngumi. Hata hivyo Chips atoa damu yake, na baadaye airudisha ile ngumi. Tangu hapo hao wawili hutaniana bila kukoma. Kadhalika Dallas: kwanza achekwa, kisha avumilia, kisha alea wanyama, kisha aweza kumcheka Sean mbele ya watu. Kila mmoja apata haki ya kutania baada ya kutoa kitu. Mwenye kuzoea utani hatauliza, "Hadithi i wapi?" Atajua kwamba porojo za jioni ndiyo hadithi, kwani hapo ndipo mgeni anapopimwa na kupokewa.

Walakini kipimo hicho hicho chafunua kasoro ambayo pande zote mbili, wale wa Marekani na wale wa Ufaransa, hazikuitia maanani. Utani huenda na kurudi. Anayetania hana budi naye kutaniwa. La sivyo si utani, ni dharau. Katika "Hatari!" wahusika wote wakubwa ni wageni. Watu wa Tanganyika wamo: waendesha, wafunga kamba, wacheza ngoma, na lugha yao imetoa jina la mchezo, lakini hawakupewa nafasi ya kumcheka Sean kama Dallas anavyomcheka, wala mapenzi na huzuni zao hazikuulizwa. Wamefanya kazi za mtani bila kupewa haki ya mtani. Na jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya tarehe: picha zilipigwa kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na watu wakaziona baada yake. Sinema ilikuwa bado mpya, lakini nchi iliyoonyeshwa humo ilikwisha kupita.

Hata wanyama walikwisha kubadilika hali. Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini ni amana ya taifa, na mwaka 1964 Mikumi, ng'ambo ya milima ya Uluguru, ikafanywa hifadhi ya taifa. Mtazamaji wa Morogoro aliyepita njia ya Iringa aliweza kumwona twiga amesimama kwake mwenyewe, bila kamba shingoni.

Je, basi sinema hii itupwe? Hasha. Wanaoipenda wana haki, kwa kuwa imefahamu jambo ambalo michezo mingi ya mapenzi haifahamu, kwamba watu huanza kupendana kwa kuchekana na huthibitisha kwa kusaidiana. Wanaoilaumu wana haki pia, lakini wamelaumu pasipostahili: upungufu si wa hadithi, ni wa idadi ya waliokaribishwa barazani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha hutunga pale mmoja anapocheka siku zote na mwenziwe ananyamaza siku zote. Mwanafunzi atakayeitazama "Hatari!" leo na acheke bila haya, kisha awatazame wale wanaoshika kamba nyuma ya gari, na ajiulize wangemjibu nini Sean Mercer kama wangeruhusiwa kuwa watani wake.