Meza ya Savoy na Jiko Lake

Wahenga husema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika maneno hayo machache imo sheria nzima ya ukarimu. Mwenyeji hutoa chakula na malazi bila ya malipo. Walakini baada ya muda mgeni huwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hushiriki kazi. Hoteli kubwa imeipindua sheria hiyo. Humo mgeni hapewi jembe hata akikaa mwaka mzima, kwa kuwa fedha yake ndiyo jembe lake. Maadamu yeye halimi, hapana budi yuko mtu mwingine anayelima kwa ajili yake. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi ukarimu wa kuuzwa ulivyopanda hata ukawa sanaa mwishoni mwa karne ya 19, na kuuliza ni nani waliolima.

Habari hizi ni za watu wawili ambao hawakuzaliwa katika utajiri. César Ritz alizaliwa mwaka wa 1850 katika kijiji cha Niederwald, nchi ya Uswisi, mtoto wa 13 wa mkulima. Auguste Escoffier alizaliwa mwaka wa 1846 huko Villeneuve-Loubet, kusini ya Ufaransa, mwana wa mhunzi. Escoffier alitamani kuwa mchongaji wa sanamu, lakini alipopata umri wa miaka 13 alipelekwa kufanya kazi katika mkahawa wa ami yake mjini Nice. Siku hizo jiko lilikuwa mahali pa moshi, joto la makaa, matusi, vipigo na ulevi. Wapishi walikunywa sana kwa sababu ya kiu, na wengi walikufa kabla ya kuzeeka. Mtu aliyekula chakula chao kwa furaha hakuona sababu ya kuwaheshimu.

Mafunzo makubwa ya Escoffier hayakutoka katika karamu bali katika njaa. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipoanza mwaka wa 1870 aliitwa kuwapikia maofisa wa jeshi, akazingirwa pamoja nao katika mji wa Metz. Vyakula vilipokwisha, jeshi lilikula farasi wake lenyewe, na mpishi akalazimika kuifanya nyama hiyo iliwe na watu waliokuwa wamekata tamaa. Hapo ndipo alipotambua thamani ya chakula cha mkebe na ya kutotupa kitu chochote. Ni ajabu kwamba mtu ambaye jina lake limekuwa alama ya shibe ya matajiri alifunzwa na mji uliozingirwa. Lakini ajabu hiyo ina maana yake. Anayejua upungufu ndiye ajuaye kupanga.

Ritz na Escoffier walianza kufanya kazi pamoja Monte Carlo mwaka wa 1884. Mwaka wa 1889 Richard D'Oyly Carte alifungua hoteli ya Savoy mjini London, yenye taa za umeme, lifti na mabafu mengi, mambo yaliyowashangaza watu wa wakati ule. Jengo lilikuwa zuri, lakini jengo halilishi mtu. Basi D'Oyly Carte akamwita Ritz aiendeshe hoteli, naye Ritz akamleta Escoffier jikoni. Mpaka wakati huo wanawake wa daraja la juu mjini London hawakuzoea kula mbele ya watu nje ya majumba yao. Ritz alitengeneza ukumbi ambamo mwanamke aliweza kuketi bila ya kuvunjiwa heshima, na Escoffier akavipa vyakula majina ya wanawake mashuhuri. Mapichi yenye aiskrimu yaliyoitwa kwa jina la Nellie Melba, mwimbaji wa Australia, yanajulikana mpaka leo.

Walakini kazi iliyodumu zaidi haikuonekana mezani. Escoffier aliligawa jiko katika vikosi, kama jeshi alilolitumikia. Kilikuwapo kikosi cha michuzi, cha samaki, cha nyama za kuchoma, cha mboga na supu, cha vyakula vya baridi, na cha vitamu. Na juu ya vyote mpishi mkuu mmoja. Faida yake yaonekana katika mfano mmoja. Palikuwa na chakula cha mayai, figo na mchuzi ambacho mpishi mmoja alikipika kwa muda wa robo saa. Katika jiko jipya mayai yalipikwa na kikosi kimoja, figo zikachomwa na cha pili, mchuzi ukatoka katika cha tatu, na sahani ikawa tayari kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, Escoffier alipiga marufuku matusi na ulevi, akawapa watu wake kinywaji cha shayiri kuondoa kiu, na akawahimiza wavae vizuri watokapo nje ili wahesabiwe miongoni mwa watu wenye ujuzi. Mwaka wa 1903 alichapisha kitabu cha mapishi zaidi ya 5,000, na taratibu zake zikaenea duniani. Hata katika hoteli kubwa za pwani yetu, kijana aingiaye jikoni leo na kuambiwa asimame upande wa michuzi anatii amri iliyotungwa London kabla babu yake hajazaliwa.

Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kusimama hapo. Mwezi wa Machi 1898 Ritz na Escoffier walifukuzwa Savoy kwa ghafula. Mvinyo na vileo vya thamani ya zaidi ya pauni 3,000 havikuonekana. Mwaka wa 1900 Escoffier alitia sahihi hati ya kukiri kwamba alipokea fedha kutoka kwa wauza vyakula, nao wauzaji walifidia hasara yao kwa kuleta vitu pungufu ya hesabu. Deni lake lilipata pauni 8,000. Alilipa 500 tu. Hati hizo zilifichwa mpaka miaka ya 1980, na wakati huo Escoffier, aliyekufa mwaka wa 1935, alikuwa amekwisha pewa nishani ya Ufaransa na sifa za dunia.

Wako wasemao kwamba mlungula ulikuwa desturi ya majiko ya siku zile. Hiyo ni kweli, lakini desturi haiondoi hatia; huigawa tu. Wako pia wasemao kwamba wizi huo wabatilisha sifa zote. Hao nao wamekosea, maana utaratibu uliowatoa wapishi katika matusi haukuwa wa uwongo kwa sababu mwanzilishi wake hakuwa mwaminifu. Mtu yule yule aliyepokea fedha za siri aliwapa watawa mabaki ya karamu wawalishe wazee maskini, na mwaka wa 1910 aliandika kijitabu juu ya njia za kuondoa umaskini.

Ritz naye alifungua hoteli yenye jina lake mjini Paris mwezi wa Juni 1898. Mwaka wa 1902, kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kulipoahirishwa ghafula kwa ugonjwa, alianguka kwa uchovu na fadhaa, na hakupona kabisa hata alipokufa mwaka wa 1918. Jina lake likawa neno la anasa katika lugha ya Kiingereza. Mwili wake ulikuwa umekwisha lipa.

Basi jembe halikutoweka. Liliwekwa nyuma ya mlango wa jiko, asilione mgeni. Majina ya watu wawili tumeyapata. Majina ya wale waliosimama mbele ya meko na kukoroga michuzi kwa ujira mdogo hayamo vitabuni, na mpaka yatafutwe, historia ya meza nzuri itakuwa imeandikwa nusu.