Kifuko cha Kuku na Damu ya Pwani

Katika nchi ya Pwani, tangu Kibaha na Mlandizi karibu na mto Ruvu hadi Kisarawe na ndani zaidi Maneromango, mtoto akishikwa na homa kali, akakakamaa na kugeuza macho, wazee walisema ameingiliwa na dege. Ndipo likaja jina degedege, na ndipo wazazi wengi walipoanzia kwa mganga kabla ya hospitali. Lakini watu hao hao walijua jambo la pili, ambalo wataalamu walichelewa kulifahamu: homa ile ile ikimpata mtu mzima aliyekulia hapo, humlaza siku mbili tatu, kisha huinuka akaenda shamba. Ana nini mtu mzima asichonacho mtoto?

Robert Koch, Mjerumani, aliichunguza malaria Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, si mbali na Kisarawe. Lakini ni New Guinea, mwaka 1900, alikoeleza kuwa mwenyeji huipata kinga kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor walitoa kingamwili katika damu ya watu wazima wa Gambia, wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua. Mwaka 1963 wakatangaza kuwa kingamwili za Afrika ya Magharibi ziliwafaa hata watoto wa Afrika ya Mashariki. Hivyo siri ilikuwa ndani ya damu. Nani aliyeifinyanga?

Jibu lilitoka kwa kuku. Ndege huyu ana kifuko kidogo karibu na tundu la kutolea choo, kilichoelezwa zamani na Fabricius wa Padua. Bruce Glick wa Marekani aliona kuwa vifaranga waliokatwa kifuko hicho hawafanyi kingamwili. Jarida kubwa la sayansi likaikataa makala yake, ikachapwa mwaka 1956 katika jarida la wafugaji wa kuku! Herufi B ya seli B imetokana na jina la kifuko hicho. Binadamu hana kifuko, na seli zake B huzaliwa katika uboho wa mifupa.

Mwanasayansi aliyezifuata seli hizi kwa umri wake wote ni Antonio Lanzavecchia, Mtaliana aliyezaliwa Varese mwaka 1951, akasomea udaktari Pavia. Mwaka 1985 alionyesha kuwa seli B haifanyi kazi peke yake: humnasa adui, humkatakata, kisha humwonyesha seli T vipande vyake, nayo seli T ndiyo humpa ruhusa ya kuendelea. Kinga, kumbe, ni jambo la idhini na kizuizi, si vita tu. Ikikosa kizuizi humla mwenyewe.

Mwaka 2004, akiwa Bellinzona, Uswisi, yeye na wenzake walipata njia bora ya kuzifanya seli B za kumbukumbu ziishi bila kikomo katika chupa. Chombo chao kilikuwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kina asili ya karibu nasi. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa mataya ya watoto, ambao ni saratani ya seli B na hupatikana zaidi palipo na malaria nyingi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na maji yake yalipofika yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Hayakutupwa. Mwaka 1964 kirusi kikatangazwa.

Kwa chombo hicho Lanzavecchia, Joshua Tan na wenzao wa Kilifi walichunguza damu ya watu wa Kilifi. Wakakuta ajabu, iliyochapwa mwaka 2016: kingamwili iliyomeza kipande kizima cha protini nyingine, LAIR1, ambayo kazi yake mwilini ni kuzizuia seli za kinga zisipite mpaka. Kipande hicho kilikuwa kimebadilika, hakishiki tena kolajeni ya mwili, bali humshika kimelea. Baadaye ikajulikana kuwa baadhi ya protini za kimelea huishika LAIR1 ili kuilaza kinga. Seli B ilikuwa imemnyang'anya mwizi ufunguo wake. Mwaka 2017 kingamwili za namna hiyo zilitangazwa pia katika damu ya watu wa Tanzania na Mali.

Bagamoyo, jirani ya Kibaha, ikaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2012 Watanzania 30 walijitolea kwa jaribio la watafiti wa Ifakara: 24 walidungwa vimelea hai, 6 maji matupu. Walikubali kuugua ugonjwa ambao mama zao waliuita dege, wakatibiwa. Likafuata jaribio la chanjo ya vimelea vilivyodhoofishwa, na kutoka katika seli B za waliochanjwa Tan na Lanzavecchia walipata kingamwili zinazomshika kimelea mahali pawili kwa pamoja, kabla hajaliteka ini. Makala yao ilitoka mwaka 2018. Waliotoa damu hawakutajwa majina. Kingamwili zao ndizo zilizopewa, na mojawapo inaitwa MGG4.